Kikohozi cha Mlezi



Mzazi anapomleta mtoto wake chekechea kwa mara ya kwanza, huulizwa maswali mengi. Amechanjwa? Kadi ya kliniki iko wapi? Ana pumu? Anakohoa usiku? Nasi twaona ni sawa aulizwe, maana mtoto mmoja mwenye surua aweza kuliangusha darasa zima. Lakini yuko mtu mwingine anayeingia chumba kilekile kila asubuhi, anayewabeba watoto wote kwa zamu, anayewafuta kamasi, anayewalisha uji na kuwaimbia karibu kabisa na nyuso zao. Huyo ni mlezi. Na mara nyingi hakuna anayemwuliza: Mwenzetu, kifua chako hakijambo?

Swali letu la mwezi huu ni hili. Je, ni haki kwa wenye kituo cha watoto kufuatilia magonjwa ya kifua ya walezi wao, yaani kuwauliza, kuandika majibu yao daftarini, kuwapeleka kupimwa, na kumzuia anayekohoa asiingie kwa watoto? Na kama ni haki, je, ni haki bila masharti? Wengine watasema hili ni jambo la mganga, si la gazeti la mtaa. Sisi twaona ni la mganga kwa nusu tu. Mganga atatuambia jinsi ugonjwa unavyopita. Hatatuambia nani alipe gharama ya kuuzuia, na hapo ndipo lilipo swali la haki.

HATARI YENYEWE

Tuanze na mganga. Mwaka 1882 Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alitangaza mjini Berlin kwamba amekitambua kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Tangu wakati ule hakuna tena sababu ya kusema kwamba ugonjwa huu ni wa ukoo au wa kurogwa. Hupita hewani. Mwenye kifua kikuu cha mapafu ambaye hajaanza dawa, anapokohoa, anapoimba, hata anapozungumza, hutoa matone madogo mno yanayoelea hewani, na aliye karibu huyavuta. Penye uwanja na upepo hatari ni ndogo. Penye chumba kilichofungwa madirisha, watoto wamelala mchana safu kwa safu, siku baada ya siku, hatari ni kubwa.

Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi. Mtu mzima aweza kuvuta vijidudu hivyo akakaa navyo maisha yake yote bila kuugua. Mtoto wa chini ya miaka mitano huugua upesi zaidi, na huenda ugonjwa ukampanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Chanjo ya BCG apewayo akizaliwa humkinga sana na hali hizo mbaya, lakini si ukuta usio na ufa. Tena liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto mdogo mwenye kifua kikuu kwa kawaida hakukipata kwa mtoto mwenzake, wala yeye hawaambukizi wengine kwa urahisi. Amekipata kwa mtu mzima. Kwa hiyo mganga akiona mtoto ameugua, huuliza mara moja: ni mtu mzima gani anayekohoa nyumbani? Nasi twaongeza: na huko chekechea je? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani kote, na watu milioni 1.25 walikufa kwacho. Ni ugonjwa wa zamani, lakini haujazeeka.

Wala si kifua kikuu peke yake. Kifaduro kwa mtu mzima, ambaye kinga ya chanjo yake ya utotoni imekwisha kupungua, chaweza kuwa kikohozi kirefu tu cha kumsumbua usiku. Kwa kichanga ambaye hajafikisha majuma sita ya kuanza chanjo, huweza kumkata pumzi kabisa. Na makao ya watoto yatima hupokea vichanga wa namna hiyo. Virusi vijulikanavyo kwa herufi RSV humpa mlezi mafua ya siku chache, naye akaendelea na kazi yake. Vikimpata mtoto wa miezi mitatu huenda akalazwa kwa kushindwa kupumua. Na UVIKO-19, ugonjwa uliosababisha shule na chekechea za nchi yetu kufungwa Machi 2020, ulitufundisha sote kwamba mtu aweza kubeba ugonjwa wa kifua na kuwagawia wengine kabla hajajiona kuwa mgonjwa.

DAFTARI

Kufuatilia si jambo la mitambo mikubwa. Daftari na kalamu vyatosha kuanzia. Kila asubuhi, kabla ya watoto kufika, kila mtu afanyaye kazi kituoni huulizwa maswali machache: Unakohoa? Tangu lini? Una homa? Umepungua mwili? Unatoka jasho jingi usiku? Anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi hutumwa zahanati akapimwe makohozi. Mwenye homa na mafua makali hukaa mbali na watoto mpaka apate nafuu. Mwisho wa juma msimamizi hutazama kurasa zote kwa pamoja. Akiona kwamba walezi watatu wameanza kukohoa ndani ya siku nne, ajue kwamba huenda ugonjwa umekwisha kuingia. Hapo ni wakati wa kufungua madirisha, kuwatenga vichanga na kumwarifu mganga, kabla watoto hawajaanza kuanguka mmoja mmoja. Hiyo ndiyo faida ya daftari. Huonyesha mapema jambo ambalo vinginevyo tungeliona tumekwisha kuchelewa.

Lakini daftari halijui yote. Yuko mlezi anayekohoa kwa pumu, yuko mwalimu anayekohoa kwa vumbi la chaki, na yuko mpishi anayekohoa kwa moshi wa kuni. Kikohozi ni swali, bado si hukumu. Msimamizi anayekisoma kama hukumu atawafukuza watu wenye afya, na kumbakiza yule mgonjwa aliyejifunza kwenda kukohoa nyuma ya jiko.

HAKI YA MTOTO NA SIRI YA MLEZI

Hapa ndipo mabishano yanapoanza. Wako wasemao kwamba mwili wa mtu ni wake, na ugonjwa wake ni siri yake. Hoja hii si ndogo. Twajua jinsi kikohozi kilivyosemwa vibaya katika nchi yetu. UKIMWI ulipoingia miaka ya 1980, mtu aliyekohoa na kukonda alihukumiwa barazani kabla hajafika hospitali. Kikombe chake kilitengwa, na mwenye nyumba alianza kukitaka chumba chake. Maneno hayo hayajaisha. Mlezi akiandikwa “anakohoa” katika daftari lililoachwa wazi juu ya meza, jioni ileile habari zake zitakuwa sokoni.

Wako wengine wasemao: mtoto kwanza, na asiyetaka kuulizwa aende zake. Nasi twakubali kwamba mtoto ni wa kwanza, kwa sababu moja, nayo ni kwamba yeye hakuchagua. Mtu mzima akiona mwenzake anakohoa ndani ya basi, hufungua dirisha, au husogea, au hushuka. Mtoto wa miaka miwili hawezi hata moja la hayo. Hawezi hata kuuliza. Akibebwa na mtu anayekohoa, hulaza kichwa begani pake, maana huyo ndiye anayemwamini. Asiyeweza kujilinda ana dai juu yake yule anayeweza. Basi twasema wazi: kuuliza ni haki. Mtu aliyeipokea kazi ya kuwabeba watoto amelipokea na swali hili, kama dereva wa basi anavyokubali kupimwa macho.

Lakini dai la mtoto lina mpaka. Anachohitaji mtoto ni asiwe karibu na pumzi yenye ugonjwa. Jina la ugonjwa halimfai kitu, wala haliwafai majirani. Kwa hiyo msimamizi yampasa kujua jambo moja tu: leo mwenzetu aingie kwa watoto, au asiingie? Mengine yabaki kati ya mlezi na mganga. Ikithibitika kuwa ni kifua kikuu, wahudumu wa afya ndio watakaowafuata watoto waliokaa karibu naye, wawapime, na wanaostahili wapewe dawa za kinga. Wazazi waelezwe kwa nini watoto wao wanapimwa, pasipo kutajiwa mtu. Katika kituo kidogo watu watakisia. Hatuwezi kuwazuia kukisia, lakini twaweza kukataa kuthibitisha. Daftari lishikwe na mtu mmoja, nalo lifungiwe kabatini.

Tena liko jambo la usawa. Tukiwauliza walezi tu, tukawaacha msimamizi, mwenye kituo, padre anayekuja kuwaombea watoto, na wageni wafadhili wanaopenda kuwabeba vichanga ili wapigwe picha, basi hatufuatilii ugonjwa. Twawafuatilia wanyonge. Kijidudu hakijui cheo. Anayetaka kuwauliza wengine akubali kuwa jina lake ni la kwanza kwenye ukurasa.

ANAYEFICHA NA ANAYEMFANYA AFICHE

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Methali hii twaipenda kumlaumu mfichaji. Lakini tumtazame vizuri huyo tunayemlaumu. Ni mama analipwa kidogo, tena kwa siku alizofika. Ana watoto wake mwenyewe nyumbani, na kodi ya chumba inamngoja. Asubuhi anaulizwa: Unakohoa? Akisema ndiyo, atarudishwa nyumbani bila ujira, na juma lijalo huenda akamkuta mwingine amekalia kigoda chake. Akisema hapana, watoto wake watakula leo. Hapo sisi tumemwekea ukweli bei kubwa na uongo bei ndogo, kisha twashangaa kwamba ameununua ule wa bei ndogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliona jambo hili. Iliweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mfanyakazi akileta cheti cha daktari. Lakini walezi wengi hawana mkataba wa kuonyesha. Hupewa kitu kiitwacho “posho”, na katika vituo vyetu sisi watu wa dini huitwa hata “asante”, kwa kuwa twasema wanajitolea. Neno hilo ni zuri, lakini halinunui unga siku ya ugonjwa. Basi kituo kisicho na siku ya ugonjwa yenye ujira, kikianzisha daftari la kikohozi, kimeandaa adhabu kwa wasema kweli peke yao. Na kabla mwezi haujaisha, kila mstari wa daftari lile utasomeka “hajambo”, nao ugonjwa utaendelea kuingia mlangoni kila asubuhi pamoja na walezi.

Hivyo twaona kwamba haki na manufaa havigombani hapa. Daftari lisilomtendea mlezi haki halimlindi mtoto pia, kwa sababu litajaa uongo.

NJIA MBILI ZA KUANGALIA

Si lazima tukisie mambo haya. Yamekwisha kujaribiwa kwa njia mbili, moja mbali na moja hapahapa kwetu.

Ile ya mbali ni ya New York, Marekani, nayo ilihusu homa ya matumbo, si ugonjwa wa kifua, lakini swali lake ni lilelile. Alikuwako mpishi mmoja mhamiaji kutoka Ireland, jina lake Mary Mallon. Yeye alijiona mzima kabisa, lakini alibeba vijidudu vya homa ya matumbo, na nyumba kadhaa alizopikia watu waliugua. Mwaka 1907 wakuu wa afya walimkamata kwa nguvu, wakamweka kisiwani peke yake. Mwaka 1910 waliachia, kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akapata kazi ya udobi, yenye ujira mdogo kuliko ule wa upishi, na hakuna aliyehakikisha kwamba anapata riziki yake. Mwaka 1915 alikutwa jikoni tena, kwa jina jingine, katika hospitali ya wazazi. Watu 25 walikuwa wameugua, na wawili kati yao walikufa. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1938. Wengine waliojulikana kubeba vijidudu hivyohivyo mjini mle hawakufungiwa namna hiyo. Hatusemi kwamba Mary hakuwa na kosa. Watu wale wawili walikufa kweli. Lakini waliomwangalia walimnyang’anya kazi, wasimpe nyingine ya kulingana nayo, na wakatumaini kwamba ahadi itamlisha.

Njia ya pili ni ya nchi yetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Aliyeshauri sana katika kazi hiyo ni Dakta Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia, ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipofungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika mpango huo pia mgonjwa aliangaliwa, tena kwa makini sana. Jina lake liliandikwa, makohozi yake yalipimwa tena na tena, na katika awamu ya mwanzo alimeza vidonge vyake mbele ya mhudumu wa afya. Lakini anayeangalia alikuwa na dawa mkononi. Aliyejitokeza alitoka na tiba, wala hakudaiwa bei yake. Kuanzia miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliutumia mfano huu wa Tanzania kuzifundisha nchi nyingine nyingi.

Tofauti ya njia hizi mbili haiko katika ukali wa macho. Yote mawili yalikuwa makali. Iko katika kile kilichokuwa mkononi mwa mwenye kuangalia.

NA FEDHA IKIWA HAIPO?

Twajua jibu litakalotoka katika halmashauri nyingi za mitaa: maneno yenu ni mazuri, lakini fedha haipo. Basi tulitazame jambo hili kwa uaminifu. Tuseme kituo kina watoto 40 na walezi wawili, na mmoja amekohoa majuma matatu. Tukimzuia, mwenzake atabaki peke yake na watoto 40, na hilo lina hatari zake: mtoto aweza kuungua na uji, au kutoka nje bila kuonekana. Tukimwacha aendelee, twawatia watoto wote katika hatari nyingine. Tukimfukuza, wa tatu ameona, na hatasema neno siku atakapoanza yeye kukohoa.

Twaona iko njia ya nne, nayo ni nyepesi kuliko hofu inavyotuambia. Kupima makohozi huchukua muda mfupi, na hapa nchini kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Vikohozi vingi vitaonekana kuwa si kifua kikuu, na mlezi atarudi kazini. Hata ikiwa ndicho, tiba ya kawaida ni ya miezi sita, lakini hakai nje miezi sita. Baada ya majuma machache ya dawa zinazofaa, kwa kawaida haambukizi tena, naye hurudi kwa idhini ya mganga. Kwa hiyo deni tunaloliogopa ni ujira wa siku chache mara nyingi, na wa majuma machache kwa nadra. Wazazi 40 wakitia fungu dogo kila mwezi katika sanduku la ugonjwa, na mtaa ukitia fungu lake, deni hilo lalipika. Tena wawepo akina mama wawili au watatu waliozoea kituo, wa kuitwa siku ya dharura. Yule Msamaria tunayemsifu hakuishia kufunga majeraha ya mtu yule. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi na kile kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na hesabu ndani yake.

Na mlezi akikataa kupimwa? Azuiwe kuingia chumba cha watoto, apewe kazi ya nje, bustanini au uani, wakati mganga akizungumza naye. Akiendelea kukataa hata baada ya kuhakikishiwa ujira wake na siri yake, hapo lawama ni yake, na kituo kina haki ya kuachana naye. Lakini lawama ina utaratibu. Haimfikii yeye kabla haijapita kwetu.

Basi, ndugu wasomaji, mwaka wa shule unapokaribia, wenye watoto katika vituo wasiulize ada tu na sare. Waulize pia kama madirisha ya chumba cha kulala hufunguliwa. Waulize kama walezi huulizwa habari za vifua vyao, na kama msimamizi mwenyewe huulizwa. Kisha waulize swali la tatu, ambalo bila hilo yale mawili ni bure: mlezi akisema “nakohoa”, atalipwa siku hiyo? Na nyinyi wajumbe wa halmashauri, jibu la swali hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano wenu ujao, pamoja na kiasi cha fedha.